Aliyenitoa kwenye pombe ni mtu aliyepokea simu saa nane usiku. Tuzungumze kuhusu kuacha uraibu na watu wanaotuzunguka

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nina miaka sita na miezi kadhaa bila pombe. Kabla ya hapo nilijaribu kuacha peke yangu mara nyingi mno. Niliapa, nilifunga, nilimwaga chupa kwenye sinki, nilifuta namba za simu za watu, nikajifungia ndani ili nisionane na mtu. Na huko ndani ndiko nilikokunywa kuliko nilivyowahi kunywa baa.

Nataka niwasimulie usiku mmoja. Nilikuwa nimefikisha siku kumi na moja. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, chupa iko katikati ya magoti, kidole gumba kiko juu ya kifuniko. Haijafunguliwa bado. Mfukoni nilikuwa na kipande cha karatasi chenye namba ya mzee mmoja niliyekutana naye mara mbili tu kwenye kikundi cha watu walioacha. Aliponipa ile namba alisema maneno manne: "Piga kabla, siyo baada."

Nikapiga. Akapokea kwa sauti ya usingizi. Nikamwambia nina chupa mkononi. Akauliza, "Imefunguliwa?" Nikasema hapana. "Basi isogeze mahali ambapo mkono haufiki, halafu nieleze leo umeshindaje." Hakuna mahubiri, hakuna "mwanaume unajiona?" Nikaanza kumweleza siku yangu. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, ndiyo maana niliona aibu. Maneno yakaniishia. Akasema, "Usikate, hata kama huna la kusema." Basi tukakaa kimya, mimi huku, yeye kule. Nikasikia anainuka, anachemsha maji, kijiko kinagonga kikombe. Kulipopambazuka akasema, "Nenda kamwage, nisikie." Nikaishika simu karibu na sinki, akasikia mpaka tone la mwisho.

Kwa miaka mingi niliamini tatizo langu ni nia dhaifu. Siku hizi naliona tofauti. Hakukuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua ukweli wangu wote. Mke wangu alijua robo. Kazini waliambiwa naumwa jino, na jino hilo liliuma miaka mitatu. Niliokunywa nao walijua ninakunywa kiasi gani, lakini hawakujua kwamba ninaogopa. Kila mmoja nilimpa hadithi yake, na uraibu ukajenga nyumba katika nafasi zilizobaki kati ya hadithi hizo. Yule mzee alikuwa wa kwanza kuujua ukweli wakati wenyewe unatokea.

Baadaye nikasoma habari za Bill Wilson, mmoja wa walioanzisha Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, nikabaki nimeduwaa. Mei 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Ameacha pombe miezi michache tu, shughuli ya biashara iliyompeleka huko imevunjika, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli akisikia vicheko vya watu baa. Badala ya kuingia, akaenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Simu zile zikamfikisha kwa daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye siku iliyofuata alikuja akiwa bado na uchovu wa pombe ya jana yake na sharti moja: dakika kumi na tano, basi. Walikaa saa nyingi, mpaka usiku ukaingia. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huohuo, na hiyo ndiyo siku ambayo Alcoholics Anonymous wanaihesabu kuwa kuzaliwa kwao.

Kinachonigusa ni kwamba Bill hakwenda kumwokoa yule daktari. Alikwenda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa karibu kunywa. Daktari alishahubiriwa na kila aina ya mtu. Huyu wa sasa alikuwa anamhitaji.

Karibuni wadau. Aliyeacha, anayejaribu, mwenye mtu wake, wote.

#2 Kinyonga77

Asante mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Naongezea nyama kidogo kwa wapenda sayansi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Bruce Alexander wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, alikuwa na shaka na majaribio ya wakati ule, ambapo panya mmoja anafungiwa kwenye kizimba kidogo, anapewa dawa ya kulevya, anaitumia kupita kiasi, kisha watu wanasema: mnaona dawa ilivyo na nguvu? Yeye akajenga eneo kubwa, karibu mara mia mbili ya kizimba cha kawaida, akaweka panya wengi dume na jike, vitu vya kuchezea, sehemu za kuzalia. Akawapa maji ya kawaida na maji yenye morfini yaliyotiwa sukari. Wale wa pamoja walikunywa morfini kidogo sana ukilinganisha na wale wa upweke.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi: kinachomfunga mtu ni kizimba, dawa inasingiziwa tu.

#3 Mbeba_Mizani

Mkuu Kinyonga, hapo mwisho umeteleza. Jaribio lile nalipenda, ila waliojaribu kulirudia hawakupata matokeo yale kila mara, na dawa nayo ina nguvu yake. Tusimwambie mtu aliye kwenye arosto, yale mateso ya mwili kuikosa dawa, kwamba dawa haina kosa.

Kuna kazi ya 2018 ya Marco Venniro na wenzake, ilitoka kwenye jarida la Nature Neuroscience, naona inatufaa zaidi. Panya waliokwisha kuzoea heroini au methamfetamini walipewa vitufe viwili: kimoja kinaleta dawa, kingine kinafungua mlango wa kumfikia panya mwenzao. Karibu mara zote walichagua mwenzao. Hata wale waliokuwa wametopea.

Sasa subirini kipande ambacho watu hawakisimulii. Watafiti wakabadilisha mambo: ukibonyeza kitufe cha mwenzio, mlango unachelewa kufunguka, au unafunguka pamoja na shoti ya umeme. Panya wakaanza kurudi kwenye dawa.

Nilipoisoma nilimkumbuka kaka yangu. Tulikuwa tunampenda, Mungu shahidi. Lakini kila akikaa sebuleni lazima mtu amkumbushe alichofanya. Mlango ulikuwa wazi na shoti juu yake. Na yeye alikuwa na kitufe kingine.

#4 Mleta uzi

Mbeba_Mizani, nimeinuka kwenye kiti nikazunguka chumba. Pole kwa kaka.

#5 Nesi_wa_Zamu

Naingia kwa haraka kabla mtu hajasoma uzi huu akaamua kuacha leo usiku akiwa na rafiki tu pembeni.

Mtu anayekunywa sana kila siku, akikata ghafla, anaweza kupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine kati ya siku ya pili na ya nne wanachanganyikiwa, wanaona visivyokuwepo, joto linapanda, moyo unakimbia. Hali hiyo inaua. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya valiamu navyo ni hivyohivyo, havikatwi ghafla. Aone daktari kwanza. Kuna dawa za kumvusha salama.

Heroini na ndugu zake ni habari nyingine. Arosto yake inatesa, mtu anatapika, anaharisha, mifupa inauma, halali, ila kwa kawaida siyo yenyewe inayoua. Kinachoua ni kurudi. Akishakaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unapoteza uzoefu, naye anachukua kipimo chake cha zamani. Ndiyo maana majuma ya kwanza baada ya kutoka kituoni au gerezani ni ya hatari mno. Pumzi inapungua, anakoroma kwa sauti isiyo ya usingizi, midomo inabadilika rangi. Aliye karibu anaweza kuita msaada, kumpa naloksoni (dawa ya kuondoa makali ya heroini iliyozidi) kama ipo, kumpulizia hewa, kumlaza ubavu. Aliyejifungia kwa komeo akiwa peke yake hana hata moja kati ya hayo. Nimewapokea wengi walioletwa wakiwa wamechelewa, na karibu wote walikuwa wamejificha kwa sababu ya aibu.

Jingine linaloniumiza. Kuna watu kwenye vikundi wanamwambia mwenzao aliye kwenye methadoni au buprenofini, dawa wanazopewa waraibu wa heroini kama tiba, kwamba "bado hujaacha". Acheni, nawaomba. Dawa hizo hupunguza vifo kwa takriban nusu kwa waraibu wa heroini wakiwa bado kwenye matibabu. Mnamfukuza mtu kutoka kwenye vitu viwili vinavyomweka hai kwa wakati mmoja.

#6 Mama_wa_Pekee

Wanangu, mimi nina la kusema na naomba msinikasirikie.

Mwanangu wa kwanza ana miaka tisa kwenye unga. Ameuza redio, ameuza mtungi wa gesi, ameuza sare za shule za mdogo wake. Nikisoma "awe na watu wa karibu" nahisi kama naambiwa mimi sikuwa karibu. Nimekuwa karibu mpaka nimeisha. Nilikesha mlangoni. Nilimlipia madeni ili wasimpige. Sasa hivi nikisikia geti linalia tumbo linanikata. Huo ukaribu mnaousema ni upi tena?

#7 Mbeba_Mizani

Shikamoo mama. Hakuna atakayekukasirikia hapa.

#8 Mshauri_Mstaafu

Mama, pole sana. Nimefanya kazi na familia za waraibu miaka mingi, na swali lako ndilo nililoulizwa kuliko yote.

Ukaribu si kumbebea kila kitu. Robert Meyers, mtaalamu wa Marekani, alitengeneza na wenzake mafunzo ya kufundisha familia zenyewe badala ya kumngoja mraibu akubali. Msingi wake ni rahisi kusema, mgumu kutenda. Saa ambayo hajatumia, mpe uso wako, maneno yako, kiti karibu yako. Saa ambayo ametumia, ondoka bila kelele, bila matusi, na usimfutie madhara aliyojiletea. Deni ni lake. Siku ya kutaka msaada, hata akisema kwa nusu mdomo, uwe umeshajua ni wapi anapelekwa, muende siku ileile, kwa maana nia hiyo haikai.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu walevi waliokataa matibabu, familia zilizofundishwa njia hii ziliwaingiza karibu theluthi mbili yao kwenye tiba. Njia ya kumzingira mtu na kumkabili kwa pamoja ilipata kama thuluthi moja. Nimeona mwenyewe ile ya kumzingira: watu kumi sebuleni, kila mmoja na karatasi yake ya malalamiko, na kijana katikati anatafuta mlango kwa macho.

Ila kuna sharti wanalolifundisha mapema na watu hulipuuza: maisha yako wewe. Ulale. Uwe na mtu wako wa kumwambia. Lois, mke wa Bill Wilson aliyetajwa juu, mwaka 1951 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi, maana wake za walevi walikuwa wakiwasindikiza waume zao vikaoni na kungoja nje, nao wakaanza kuongea wao kwa wao. Wewe nawe una siri umeibeba miaka tisa. Na kama yuko nyumbani kwa ngumi au kisu, funga mlango. Kumpenda mtu hakukulazimishi kulala naye chini ya paa moja.

#9 Mama_wa_Pekee

Sijawahi kuulizwa kama ninalala. Asante.

#10 Sauti_ya_Chini

Mimi ni mtu wa kimya na dini sina. Vikundi vya kusimama na kujitambulisha vinanitoa jasho. Nilikwenda mara moja nikatoka katikati. Sasa ina maana sitapona?

#11 Mleta uzi

Mkuu, mimi mwenyewe vikao vitatu vya kwanza nilikaa kiti cha karibu na mlango na sikusema hata jina.

Kusema kweli vikundi vile vina ushahidi mzuri. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu kumi, yakaona waliounganishwa vizuri na Alcoholics Anonymous hawakuzidiwa na waliopata tiba nyingine, na kwenye kuacha kabisa mara nyingi walifanya vizuri zaidi. Lakini siyo mlango pekee. Kuna SMART Recovery, vikundi vingine vya kusaidiana ambavyo havina mambo ya dini, kuna vikao vya mtandaoni ambavyo unaweza kuzima kamera, kuna washauri wa mtu mmoja mmoja. Kuna watu waliopona wakiwa na rafiki mmoja na mbwa wa kumtembeza.

Nisichoweza kukuficha ni kwamba sijamwona aliyedumu bila mtu hata mmoja anayejua. Mmoja anatosha kuanzia.

#12 Rudisha_Mpira

Naona hakuna aliyegusa upande wa pili. Watu haohao ndio walionirudisha! Mimi nilikuwa na marafiki, tena wengi, na wote walikuwa wa kijiweni. Nilipoacha nikawapoteza wote kwa siku moja. Hapo ndipo nilijua upweke ni nini. Saa kumi na mbili jioni ilikuwa inanitafuna. Mikono haina kazi, simu hailii, na najua kabisa wako wapi na wanacheka nini. Miezi minne nikarudi. Sikurudi kwa kiu ya bangi wala pombe. Niliwa-miss wale watu.

Mara ya pili nilifanya tofauti: nilitafuta pa kuwa ile saa kumi na mbili kabla sijaacha. Nikajiunga na timu ya mpira ya wakongwe. Mwanzoni hawakujua lolote kunihusu, walijua tu kwamba nisipofika wanapungua beki. Hilo lilinishika kuliko ushauri wote. Kuna mtu ananingoja nikiwa mzima.

#13 Kinyonga77

Hii inanikumbusha wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam. Lee Robins aliwafuatilia waliorudi mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule. Watu walitarajia balaa nyumbani. Katika mwaka wa kwanza kama asilimia 5 tu ya wale waraibu ndio waliorudia uraibu. Na kabla Mbeba_Mizani hajanikamata: najua si suala la kukumbatiwa na familia tu. Heroini ilikuwa ngumu zaidi kupatikana, vita imekwisha, mazingira yamebadilika. Lakini kijiwe kimebaki ng'ambo ya bahari. Rudisha_Mpira yeye kijiwe chake kiko dakika tano kutoka nyumbani.

#14 Mgeni_Kabisa

Samahani, mimi nasoma tu siku zote. Yangu si pombe wala unga. Ni kubeti kwenye simu. Kuna wanaosema huo si uraibu. Hakuna harufu, hakuna macho mekundu, natoka kazini nikiwa safi. Niko chooni nabeti, niko msibani nabeti, jana nimekaa na mwanangu anasoma kitabu kwa sauti, nami chini ya meza naangalia dakika ya 78. Akaniuliza "Baba nimesoma vizuri?" Sikusikia hata neno.

Nina deni ambalo hakuna anayelijua. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hii ndiyo mara ya kwanza naliandika.

#15 Nesi_wa_Zamu

Mdogo wangu, ni uraibu, wataalamu wa magonjwa ya akili wameuweka kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Na kwa sababu hauonekani, watu wake hufika kwetu wakiwa wamezama kabisa. Nikuulize waziwazi: umewahi kufikiria kujiua? Kama ndiyo, usikae peke yako usiku wa leo, nenda hospitali iliyo karibu au kamwamshe mtu sasa hivi.

#16 Mgeni_Kabisa

Mwezi uliopita ndiyo. Leo hapana. Leo nimechoka tu.

#17 Mleta uzi

Ndugu yangu, umefanya jambo kubwa kuandika. Sasa naomba ufanye dogo zaidi na gumu zaidi: mwambie mtu mmoja mwenye sura. Sisi huku huwezi kutuona tukinyamaza.

Usianze na anayeumizwa zaidi na deni hilo kama unaogopa utakimbia katikati ya sentensi. Anza na yule ambaye ukimfikiria akikutazama, unaweza kubaki umekaa. Mwambie ana kwa ana ukiweza, na ukishindwa mtumie ujumbe: "Nina jambo la kukwambia, usiniache nibadilishe mada." Mwombe akushikie vitu viwili, fedha na programu. Mshahara upitie kwake kwa muda, na akae pembeni yako unapofunga akaunti na kujizuia kuingia tena. Ukiifanya peke yako utaifungua peke yako.

Mke wangu siku nilipomwambia yote hakunikumbatia. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilidhani nimeharibu. Alirudi baada ya muda mrefu na swali moja tu, tena kali. Lakini alirudi.

#18 Rudisha_Mpira

Mgeni, tupo. Utuletee mrejesho, hata kama ni mbaya.

#19 Mama_wa_Pekee

Mwanangu, mama yako yupo hai? Kama yupo na huwezi kumwambia, niandikie mimi. Sina mengi ila nina sikio.

#20 Mgeni_Kabisa

Wakuu, mrejesho. Nimechelewa siku nne.

Nimemwambia dada yangu mkubwa. Nilifika kwake nikakaa kama saa nzima tunaongea mambo ya watoto. Alipoinuka kwenda jikoni nikamwambia akiwa amenipa mgongo, ndipo niliweza. Akageuka na sahani mkononi. Akalia, halafu akakasirika, akasema maneno ambayo sitayaandika. Akaniuliza ni kiasi gani. Nikamtajia.

Nilimtajia nusu.

Nimerudi nyumbani nikijua nimemwambia na sijamwambia. Nikafungua huu uzi, nikasoma tena pale kwenye robo ya mke na lile jino. Nikampigia tena usiku uleule. Nikamwambia dada, ile siyo namba yenyewe, nikamtajia ya kweli. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Nikasikia anavuta kiti.

Akasema, "Haya. Chukua kalamu. Niambie unadaiwa na nani wa kwanza."